Dada, Dirisha Lako la Sugoi

Mpendwa Dada Rael,

Leo nimeosha madirisha yako. Mume wako Mwalimu anahamishwa, mwalimu mwingine anakuja na mke wake na watoto, na misheni inataka nyumba iwe safi kufikia Jumamosi. Wanawake wa kanisa walitaka kunisaidia, nikawakataa. Nikasema madirisha ya dada yangu nitayaosha mwenyewe. Walidhani ni huzuni. Huzuni ipo, sikatai, hata mwezi haujaisha tangu tukuzike. Lakini wewe unanijua. Nilitaka kuyagusa moja moja bila wewe kusimama nyuma yangu ukiniambia, "Pole pole, Leah."

Niliyaonea wivu tangu siku ya kwanza. Acha niseme, maana ulipokuwa hai nilikuwa nasema "ni mazuri sana" huku nikitazama pembeni.

Kuosha dirisha tulijifunza pamoja tukiwa wasichana, kwa yule kaburu mwenye shamba kule Soy. Yake yalikuwa ya mbao, ya kupandisha juu na kushusha, yenye vioo vidogo vidogo. Memsahibu alitupa magazeti na maji yenye siki. Wewe, kwa kuwa ulikuwa mkubwa na miguu yako ilikuwa safi, ukawekwa ndani. Mimi nikawekwa nje kwenye upepo. Doa likikataa kutoka tuligombana kupitia kioo. "Leah, hiyo doa iko upande yako!" ulipiga kelele. "Iko yako! Wewe ndio uko na mikono ya mafuta!" Tulisugua sote wawili, uso kwa uso, mpaka mmoja anamtolea mwenzake ulimi. Mara nyingi doa lilikuwa langu, na hata hilo liliniudhi.

Kisha ukaolewa na Mwalimu, ukapewa hii nyumba ya mawe ya misheni hapa Sugoi, yenye madirisha mapya ya chuma yanayofunguka kwa nje kama milango. Mimi nikaolewa na Baba Kiprop, mkamuaji wa ng'ombe kwenye shamba la mzungu kule Kiplombe, nikapata ukuta wa udongo na tundu la kutolea moshi. Aliye nacho huongezewa. Lakini mimi nilikuwa na Mama. Baba alipofariki, Mama alichagua kukaa kwangu, si kwako, na jambo hilo lilinitosha kuliko vioo vyote vya misheni.

Shida ilikuwa macho yake. Alikuwa bado anashona shanga kwenye vibuyu vya maziwa, na kwangu kulikuwa giza hata mchana. Alikaa mlangoni, kuku wakimpita miguuni, na mvua ikija kazi ikafa. Nikamsumbua Baba Kiprop hadi akanisikia. Bahati ikaja: tajiri wake aliletewa madirisha ya chuma kutoka Eldoret, akayang'oa ya zamani, akampa moja. Lilikuwa la kupandisha, sawa na yale ya Soy. Nilicheka kama mtoto.

Nilikusimulia vile tulivyoliweka. Ndani ya fremu mlikuwa na vyuma viwili virefu vilivyoning'inia kwa kamba. Baba Kiprop akavitazama, akasema, "Hii ni takataka fundi alisahau huko ndani." Akazikata kamba. Chuma kimoja kikawa cha kupondea chumvi ya ng'ombe, kingine kikafungiwa mbuzi. Hata mimi niliyeyaosha madirisha ya aina hiyo sikujua kwamba vile vyuma ndivyo vinavyolizuia lisishuke. Tulilipandisha, likaanguka. Tukalipandisha tena, likaanguka. Basi nikalitegemeza kwa mwiko wa ugali, na Mama akasogeza kigoda chake kwenye mwanga. Siku zile zilikuwa zangu. Aliniita kila mara nimwambie kama shanga aliyoshika ni nyekundu.

Halafu ukaja kutusalimia. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Maji ya ugali yalikuwa yamechemka, ukataka kusaidia, ukazunguka ukitafuta mwiko, ukauona. "Ai! Nani anaweka mwiko kwa dirisha?" ukasema, ukauchomoa. Mkono wa Mama ulikuwa pale chini.

Vidole vilivimba. Hukukusudia, najua, na ulilia kuliko yeye. Lakini ukasema kwako zahanati iko karibu, aende kwanza atibiwe, utamrudisha akipona. Vidole vilipona, Mama hakurudi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilipokuja kumchukua nilimkuta hapa, kwenye kiti chenye mgongo, kibuyu mapajani. Akanionyesha kile chuma chenye matundu kinacholishika dirisha likiwa wazi. "Leah, ona," akasema kwa furaha, "hii inakaa yenyewe." Dada, afadhali angenipiga kofi. Nikamwambia, "Twende nyumbani, Mama." Akasema, "Ngoja nimalize hii kibuyu." Alikimaliza, akaanza kingine. Nilirudi Kiplombe peke yangu nikaling'oa lile dirisha langu. Sasa limelala juu ya miche ya kabichi kuzuia kuku.

Mama alifia kwako. Wewe ndiye uliyemfumba macho. Watu waliokuja kutupa pole walianza na wewe. Nilikuonea wivu siku hiyo kuliko siku zote, na nilikuwa nimekushika mkono tukiimba. Sasa ugonjwa wa kifua umekuondoa na wewe, na kila mtu kanisani ananiambia, "Rael amekwenda kwa mama yake." Wanataka nifarijike. Hawajui wanachokichokoza. Umenitangulia kwake tena, na safari hii siwezi hata kuja kumdai.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayasugua leo. Nilianza na madirisha ya nyuma, nikamalizia na la Mama. Nilikuwa nje, kwa mazoea. Hata sikufikiria kuanzia ndani. Kioo cha chini kilikuwa na doa, kama alama ya kidole. Nikasugua. Nikaongeza siki, nikasugua mpaka mkono ukaniuma. Halikutoka. Nikakasirika, nikakigonga kioo, na kabla sijajua nasema nini nikapiga kelele: "Rael! Hiyo doa iko upande yako!"

Nikangoja.

Mwalimu alitoka kuangalia nani anaita. Alinikuta nimebandika uso kwenye kioo, akarudi ndani. Doa nimeliacha. Mke wa mwalimu mpya atalifuta mara moja, maana liko ndani. Mimi sikuingia.

Msalimie Mama. Mwambie asikuzoee wewe peke yako, na aniwekee kiti upande wa dirisha.

Ni mimi, mdogo wako wa upande wa nje,
Leah