Ukuta wa Pikapu Yako

Baba Chebet,

Nimeandika jina lako hapo juu. Nakuandikia kwa sababu naiogopa pikapu yako, na mtu pekee ambaye ningemwambia ni wewe.

Tangu tukuzike, mimi ndiye ninayeiendesha. Nakusanya karoti na viazi vya majirani hapa Mau Narok, nateremka navyo hadi sokoni Nakuru. Ndugu yako Kiprono alitaka tuiuze mara tu baada ya matanga, nikakataa. Hiyo pikapu ndiyo inayomweka Chebet shuleni.

Klachi ilianza kusumbua wakati wa mvua. Unakanyaga, gia inakataa kuingia. Ukilazimisha, inalia kama chuma kinachosagwa. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiikanyaga mara mbili, haraka haraka, kabla ya kubadilisha gia. Nilidhani ni madoido yako tu. Nikaanza kufanya hivyo, gia zikaingia, nikajisifu kwamba sasa mimi ni dereva kama wewe. Halafu hata hiyo ikagoma. Fundi wa Njoro akabadilisha klachi yote. Siku chache ikawa sawa, kisha ikarudia. Akaweka masta mpya, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta ya klachi. Ikarudia tena. Akaniambia, "Mathe, gari imezeeka. Izoee tu."

Nikaizoea. Hivyo ndivyo tulivyokaribia kufa.

Ilikuwa Jumamosi na Chebet alikuwa kando yangu, tunaenda kumnunulia viatu vya shule. Nyuma mzigo umejaa. Tulikuwa kwenye ule mteremko mrefu wa kuelekea Njoro, manyunyu yakianguka, na mbele yetu lori la mbao likitambaa. Nikatoa gia ya tatu ili niweke ya pili. Ya pili ikakataa. Nikakanyaga tena na tena. Nikataka kurudisha ya tatu, nayo ikakataa. Pikapu haikuwa na gia yoyote, Baba Chebet. Ilikuwa inateremka tu na uzito wake. Nikakanyaga breki. Ilishika kidogo, lakini pedali ikazama mbali, mbali kuliko kawaida, na mbele ya miguu yangu nikasikia mlio wa bati linalokunjwa. Mbao za lori zilikuwa zinakuja usoni. Nikavuta breki ya mkono, nikakata usukani kushoto, tukaingia mtaroni. Ubavu ukakwaruza ukingo wa udongo hadi tukasimama.

Chebet hakupiga kelele. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, macho mbele. Akaniuliza kwa sauti ndogo sana, "Mum, imesimama?" Nikamwambia imesimama. Hakuiachilia dashibodi.

Watu wakatoka mashambani. Nilidhani wamekuja kujichotea karoti zilizomwagika, kumbe walikuwa wanazirudisha kwenye magunia. Mama mmoja akanifungulia mlango, akaniambia, "Keti hapa chini kwanza."

Binamu yangu wa Kiamunyi ndiye aliyetafuta gari la kuivuta hadi kwa fundi wa huko kwao, anaitwa Njoroge. Njoroge alifungua boneti, akamwambia mwenzake aingie akanyage klachi, kisha akaniita. "Kuja ujionee." Nikainama. Kila pedali ilipokanyagwa, ule ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu ya dereva ulisogea mbele, halafu ukarudi, kama kifua cha mtu anayehema. Wao wanauita fayawoli. Njoroge akanieleza kwamba masta ya klachi imefungwa hapo. Ukuta ukiwa dhaifu, nguvu ya mguu wako inaishia kukunja bati badala ya kusukuma mafuta, kwa hivyo klachi haiachii, hata ukiweka mpya kila mwezi.

Nikamuuliza, na breki je.

"Breki imefungwa kwa ukuta huo huo, mama."

Nikaketi kwenye tairi lililokuwa pale.

Kiprono aliposikia, alikuja na mnunuzi kutoka Gilgil aliyekuwa tayari kuichukua ilivyo. Akanivuta kando. "Shemeji, hayo mambo ya ukuta usiyataje. Achukue, aende zake." Nikamtazama yule mtu. Alikuwa amekuja na mke wake, mjamzito, na mke alishapanda kujaribu kiti. Nikawaambia kila kitu. Yule mke alishuka polepole, mkono tumboni. Wakaondoka. Kiprono hajaniongelesha tangu siku hiyo, na mama yako yuko upande wake.

Basi Njoroge akaanza kazi. Akang'oa dashibodi, akatoa kapeti. Kisha akaniita tena, akanionyesha kipande cha bati kilichochomelewa zamani juu ya ufa, vibaya vibaya, kikapakwa rangi. Rangi ya bluu. Ni ile ile uliyopaka lango letu.

Ulijua.

Ulitupeleka kanisani, mama yako mbele nawe, mimi na Chebet nyuma tumeshikilia vyuma, ukikanyaga mara mbili mbili huku unaimba, na ulijua. Kwa nini hukuniambia? Labda uliona kile kipande kinatosha. Labda uliogopa, ukaona ukinyamaza hofu itakuwa yako peke yako. Nilikukasirikia pale gereji hadi Njoroge akatoka nje akajifanya anatafuta spana. Halafu nikalia, maana nilitamani uwepo nikugombeze.

Amekata bati lote lililooza, akachomelea bamba nene ndani na nje, akafunga klachi na breki upya. Akakanyaga mwenyewe nikitazama. Ukuta haukusogea. Aliponipa funguo nilisimama nazo mkononi mpaka akaniuliza kama nataka yeye anipeleke. Niliendesha. Gia iliingia kwa kukanyaga mara moja, na bado jasho lilinitoka hadi nyumbani.

Leo asubuhi nilikuwa nimepakia mzigo. Chebet, ambaye hajaigusa pikapu tangu siku ile, alisimama langoni na sare ya shule. Akaniuliza, "Wewe huogopi?"

Nilikaribia kusema hapana. Hivyo ndivyo ungejibu wewe. Nikamwambia, "Naogopa sana." Nikamfungulia boneti nikamwonyesha bamba, nikamkanyagia klachi, kisha breki, yeye akitazama. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akapanda, akafunga mkanda, na tulipofika kwenye ule mteremko akaweka mkono wake juu ya mkono wangu wa gia. Mikono yote miwili ilikuwa baridi. Ya pili ikaingia.

Lala, Baba Chebet. Nimekasirika na nimekukumbuka, na sioni kama moja itaondoa nyingine. Ahadi yangu kwako ni hii: chochote kitakachonitisha katika gari hili, mtoto wako atakijua kabla sijawasha injini.

Mama Chebet