Mfumo wa Maegesho Wanaouita wa Ipyana

Ijumaa. Mvua imenyesha Kyela nzima tangu alfajiri, na hadi jioni hii haijaamua kuacha. Nina wivu. Tangu nitoke kazini nimetafuta neno jingine la kuuita, sijapata.

Ofisini kwetu, tunakonunua kakao, maegesho yana pande mbili. Wanaoegesha ukutani mwa ghala wanashuka na viatu vikavu. Wa upande wa mtaro wanashukia kwenye tope. Zamani ukutani palikuwa pa wakubwa. Mimi fundi wa kompyuta sina hata gari, naenda kazini kwa bodaboda, lakini nimekaa miezi nikitengeneza mfumo wa kugawa nafasi kwa zamu. Unaufungua kwenye simu, unaona wiki hii gari lako linakaa wapi. Aliyekaa topeni anatangulizwa wiki inayofuata.

Ipyana wa utumishi ndiye aliyeutambulisha kwa wafanyakazi. Anaongea vizuri, anacheka na kila mtu. Basi ukawa mfumo wa Ipyana.

Hata mlinzi wa getini anauita hivyo.

Leo kwenye kikao alisimama Mzee Salehe, mkuu wa ghala, suruali imelowa mpaka magotini. "Kabla sijaenda Mbeya nilikuwa mtaroni. Nimerudi, mtaroni tena. Ipyana mwanangu, hiyo haki yako inahesabuje?"

Meneja akasema kama hakuna maelezo, Jumatatu tunarudi kwenye vyeo.

Jibu nilikuwa nalo. Zamu ya mzee ya ukutani iliangukia wiki aliyokuwa safarini, na mfumo ukahesabu ameshaitumia. Nikanyamaza. Nilimtazama Ipyana akifungua simu, akiifunga, akijifuta jasho, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Kisha akasema, "Mzee, sijui. Mimi nilikuwa msemaji tu. Aliyeutengeneza ni dada Sekela."

Vichwa vikanigeukia. Nikaeleza.

"Kwa hiyo nimehesabiwa nafasi ambayo sikuikalia?" Mzee Salehe akauliza.

"Ndiyo, mzee. Hapo nilikosea. Nitarekebisha, asiyekuwepo zamu yake imngoje."

"Hapo sawa," akasema, akaketi. Meneja akakubali mfumo ubaki.

Ningetoka pale nimeridhika. Lakini nje ya ukumbi watu walikuwa wamemzunguka Ipyana. Muungwana kweli huyu, nani mwingine angekiri hajui mbele ya meneja? Yeye hajui, anasifiwa. Mimi najua, naambiwa nirekebishe.

Nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wake: "Ndaga fijo, asante sana, dada. Jumatatu naomba unifundishe mfumo unavyofanya kazi, nisiaibike tena."

Nimeusoma mara nyingi kuliko unavyostahili. Siogopi kumfundisha. Naogopa ataelewa. Akishaelewa, na ulimi ule alionao, mimi nitabaki na nini?

Nimeanza na zamu ya Mzee Salehe, wiki ijayo yuko ukutani. Halafu nikamjibu Ipyana aje, na wengine wenye maswali aje nao.

Wivu bado upo, nausikia hapa kifuani. Ila Jumatatu atakayeongea ni mimi.