Mwache Apumue

Mabanga, Bungoma
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, wewe na Mama, na ninaomba barua hii iwakute mkiwa na afya. Goti lako linaendeleaje? Mama aliniambia umekataa kwenda kuonwa na daktari ati litapona mahindi yakishavunwa, kana kwamba goti linajua msimu. Na yule ng'ombe mweusi, bado anapiga ndoo teke? Mimi ni mzima. Huku mvua imekataa kwisha na matope yamefika mlangoni, lakini chakula kipo na kazi ipo, sina la kumnung'unikia Mungu.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu na simu ninayo. Baba, nikipiga simu unasema "ngoja Mama yako," halafu unampa. Imekuwa hivyo tangu tumzike dada Nyambu. Ndiyo maana nimeandika, nikampa Gathogo aje nayo kwa pikipiki yake akuwekee mkononi, maana barua yenye jina lako itabidi uifungue mwenyewe.

Hujawahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa, na watu wa kanisa hapo Endebess hufikiri ninauza mashine. Siuzi. Mimi naandika maneno. Kampuni yetu ya Kitale inatengeneza mashine ya kukaushia mahindi, na mimi huandika maelezo yake kwa mtu ambaye hajawahi kuiona, hajui mlango wake uko wapi, na anaogopa kuigusa isije ikaharibika. Si kazi rahisi. Ukishakijua kitu, unasahau ilivyokuwa kutokijua. Ukiandika "washa kisha usubiri," mtu atakuuliza awashe wapi, asubiri nini, na wakati anasubiri afanye nini na mikono yake.

Nyambu ndiye aliyekuwa mjinga wangu. Usikasirike, ni jina alilojipa mwenyewe. Alikuwa akija kunitembelea anakaa mbele ya mashine na kusema, leta maneno yako, leo mimi sijui kitu. Nami sikuruhusiwa kufungua mdomo. Nilikuwa naiangalia tu mikono yake, na pale iliposita nilijua sentensi yangu ni mbovu. Alinicheka, haki! Aliniambia ninaandika kama karani wa korti.

Wateja wetu wengi hawapendi kusoma, kwa hivyo tuliamua maelezo yasikike kwa simu. Unapiga namba, unabonyeza, unaelezwa hatua moja baada ya nyingine. Sauti ikawa ya Nyambu. Mimi nilikuwa nimeandika, "Zima mashine, uiache ipoe." Yeye akasoma, "Sasa mzime. Mwache apumue, na wewe pia upumue." Nikamwambia mashine si mtu, sarufi haikubali, turudie. Alikataa katakata. Tulipojaribu na akina mama wa Chwele, hakuna aliyekumbuka "ipoe," lakini wote walikumbuka "apumue," basi nikaliacha. Mpaka leo ukipita huku utasikia watu wakiulizana kama ameshapumua, na wanaongea juu ya mashine.

Baba, unajua Nyambu alivyotuacha. Ulikuwa umeshika chuma cha kitanda. Ulimwona mwenyewe akiitafuta pumzi na mtungi wa oksijeni uko pale pale kando yake. Tangu siku hiyo neno lile limenifuata. Niko sokoni Chwele nachagua vitunguu, nasikia dada yangu nyuma yangu katika simu ya mtu, mwache apumue, na naondoka bila vitunguu. Naingia ofisini Kitale, yuko pale. Watu hawajui amekufa. Wananiambia nimsalimie, na mimi hujibu kwamba nitamsalimia.

Sasa kampuni imetoa mashine mpya, na inabadilisha zile za zamani zote. Hii mpya haitaki kungojwa. Ikimaliza kazi lazima ufungue mlango mara moja mvuke utoke, la sivyo mahindi yanaunyonya tena ule unyevu. Niliandika maelezo mapya, yakabandikwa mlangoni pake. Ile sauti ya simu niliambiwa niibadilishe pia. Sikuibadilisha. Leo nilikuwa na mafua, kesho stima imepotea, keshokutwa studio ina wenyewe.

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapa Mabanga, anaitwa Peris, alikausha mahindi ya kikundi chao kwa mashine mpya. Hakusoma mlango. Alipiga simu kama alivyozoea, akaambiwa amwache apumue, akamwacha. Mahindi yakaota ukungu mpaka yakawa sumu, hata kuku hawakupewa. Hicho kilikuwa chakula cha nyumba zao mpaka msimu ujao.

Nilienda kumwona nikiwa nimejiandaa kwa matusi. Alinipa chai. Akasema labda kosa ni lake, labda ni mvua, labda mahindi yalikuwa mabichi sana. Nilipomwambia kosa ni la simu, alikataa kabisa.

"Yule dada hawezi kunidanganya," akasema. "Anaongea na mimi kama mtoto wangu."

Ningemwambiaje kwamba dada huyo analala shambani kwetu Endebess? Nilimaliza chai yangu nikaaga. Kampuni imekubali kuwarudishia mahindi, na imeniambia sauti ya zamani itoke Ijumaa hii, niwe na sababu au nisiwe nayo.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nichukue kalamu. Sababu nilikuwa nayo, Baba. Sababu ni wewe.

Pasaka nilipokuja nyumbani, pikipiki ya Gathogo ilizimika hapo uani, injini imechemka, naye akaanza kuipiga mateke. Ukamwambia, "Mwache apumue, na wewe pia upumue." Nilikuwa mlangoni nachambua mboga, nikaweka kisu chini. Maneno hayo hayajaandikwa popote. Huko nyumbani mtu hawezi kuyajua bila kupiga ile namba na kusikiliza mpaka karibu na mwisho, na wewe mashine huna, mahindi yako unayaanika kwenye turubai.

Sikuuliza. Kesho yake asubuhi nikawa nakuletea ndoo ya pili, na kabla sijafika zizini nikamsikia. Ulikuwa umeweka simu juu ya debe, spika iko juu, unakamua. Alikuwa anaeleza namna ya kumimina mahindi. Halafu akafika pale anapouliza, "Umefika hapo?" Hapo niliandika kuwe na kimya kidogo, makusudi, ili mtu apate nafasi ya kumaliza kazi ya mikono. Na wewe, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, ukamjibu.

"Nimefika, Maitu."

Ulimwita mama, kama ulivyomwita tangu azaliwe, kwa vile alibeba jina la mama yako. Naye akasema, "Haya, tuendelee," kama mtu aliyekusikia. Nilirudi jikoni na ndoo yangu. Baadaye uliniuliza mbona sikuileta, nikasema nilisahau.

Kwa hivyo yale mafua yangu yalikuwa ni kukulinda wewe, na mahindi ya Peris ndiyo yaliyolipa. Siwezi kuendelea hivyo. Kuanzia Ijumaa ukipiga, si yeye atakayepokea. Sikutaka ulijue hilo ukiwa peke yako na ng'ombe.

Ndani ya bahasha kuna memori kadi. Sauti yake yote iko humo, hata pale alipokosea akaanza kunicheka. Iingize kwenye redio. Lakini najua kadi haipokei simu, na wewe ulichotaka ni kupiga na kupokelewa. Niruhusu niseme hili lilivyo: liliniuma. Namba yangu unayo. Mama anasema sauti yangu na ya Nyambu ni moja, na labda ndiyo sababu huwezi kuisikia bila kumpa yeye simu. Sikulaumu. Lakini siku ile mimi nilipoteza dada, na nikirudi nyumbani naona nilipoteza na baba pia. Mimi niko hai, Baba.

Sauti mpya nimeisoma mimi mwenyewe. Neno la kupumua nimelitoa, kwa sababu mashine hii haipumui, na nilipofika mahali lilipokuwa nilishindwa kusoma ikabidi tuanze upya. Lile swali lake nimeliacha, na kimya chake nimekiacha kirefu kuliko cha kwanza. Ukitaka, piga namba ileile. Au piga yangu, hiyo itakujibu kweli.

Msalimie Mama, mwambie mbegu za mboga ya managu nimezipata. Umwambie Gathogo asivuke mto ukiwa umejaa. Bwana awatunze nyote, na hilo goti likaonwe.

Ni mimi binti yako mdogo,
Wacuka

Umefika hapo, Baba?