Walinzi wa Lango Walipotuona

Baba Neema wangu,

Jumamosi walikuja wenzetu wa mchezo, mara ya kwanza tangu tumalize arobaini yako. Mwalimu Saidi aliegesha baiskeli ukutani, Rehema muuguzi akaleta korosho za kukaanga. Walikaa barazani wakazungumza habari za mvua, na hakuna aliyezigusa dadu zako.

Unakumbuka ulipozileta hapa Lisekese kutoka chuo cha ualimu? Mama yako alidhani ni kamari. Ukamwambia kwa upole, "Mama, hapa hakuna anayeliwa. Mimi nasimulia hadithi, wenzangu wanakuwa watu wa ndani yake. Wakitaka kufanya jambo gumu, dadu ndiyo inaamua." Akaguna, lakini kila Jumamosi alivuta mkeka akasikiliza.

Unakumbuka pia ugomvi wetu wa kunyata? Kila tulipojaribu kuwapita walinzi, ulikuwa unamrushia dadu kila mlinzi, na katika walinzi wengi hakosekani mmoja wa kutuona. Kwetu nako, mmoja akikosea tumekamatwa wote. Mwalimu Saidi, ambaye hadithini alivaa deraya, vazi zito la vita la chuma lenye kelele, alikuwa anaachwa porini, anakula korosho peke yake huku sisi tunaendelea. Nilikuja juu: "Baba Neema, hapo hata paka hapiti!"

Ulikwenda na neno hilo shambani wiki nzima, ukarudi nalo limeiva. Walinzi wangerushiwa mara moja tu, kwa yule mwenye macho makali kuliko wote. Sisi tungerusha kila mtu kuishinda namba yake, na tukifaulu nusu yetu au zaidi, tumepita wote. "Mwenye miguu myepesi atamshika mkono mwenye miguu mizito," ulisema. Mwalimu Saidi alifurahi kama mtoto. Hakuachwa tena.

Jumamosi yako ya mwisho ulitufikisha mbele ya lango la ngome, tumelala kwenye nyasi. "Mtanyata wiki ijayo," ukasema, ukaenda kuoga. Katikati ya wiki ulikwenda Chiungutwa kupulizia mikorosho dawa, moyo wako ukasimama. Walipokufikisha hospitali ulikuwa umeshaondoka.

Basi tukakaa pale barazani, hadi mwanao Neema akasema, "Mama, kaa wewe mahali pa baba."

Nikakaa. Nikawarushia walinzi, wakapata namba kubwa. Mwalimu Saidi akarusha, akakosa. Rehema akakosa. Nikajirushia na mimi, nikakosa. Neema peke yake alifaulu.

Nilitaka kusema tumepita. Nilishafungua mdomo. Mwalimu Saidi akanitazama, macho yamelowa. "Mama Neema, usitupitishe kwa huruma. Mwenyewe asingetupitisha."

Ikabidi niwe mlinzi. Ulikuwa unawapa walinzi sauti ya mjomba wako wa Newala, ile ya kukohoa kabla ya kila neno. Nikajaribu. "Nani hapo?" Sauti ikakatika katikati, Rehema akanishika bega.

Neema akajibu, taratibu, "Ni sisi. Tumetoka mbali. Tunaomba kuingia."

Walionekana, lakini waliomba; nikawafungulia lango. Na hapo ndipo nilipogundua, mume wangu, kwamba sijui ndani mna nini. Hukuandika popote. Ulikuwa umeibeba ngome yote kichwani, na vyumba vyake, na watu wake, na lile jambo ulilokuwa unalichekea peke yako ukipiga mswaki, nikikuuliza unasema, "Subiri utaona."

Nikabuni ya kwangu. Nikaweka ua, kisima chenye maji mengi, mwanamke anayetwanga. Wenzangu walisifu. Mama yako alisema nimesimulia vizuri. Neema alicheka mahali fulani, na nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Lakini walipoondoka nilibaki nimekaa pale pale. Sikutaka ngome yangu, Baba Neema. Nilitaka kuiona yako.

Pumzika, mpenzi wangu.

Mkeo,
Mama Neema