Boneti Inang'aa, Feni Imekufa

Jumamosi, hapa Juru, kambi yetu ya wakimbizi. Jua limepiga tangu asubuhi, vumbi tupu, na mikono yangu inanuka maji ya rejeta ingawa nimenawa mara tatu. Naandika nikiwa ndani ya gari yangu, maana nyumbani maswali yamezidi.

Leo nimembeba bibi arusi. Ni Neema, binti wa jirani yangu Mama Neema, yule mama aliyenipa fasi ya kulima maharage nilipofika hapa bila hata jembe. Gari hii na Neema wana umri mmoja, miaka ishirini na sita. Neema ndiye bado mzima.

Wiki mbili zilizopita mama yake aliniuliza swali moja tu: gari itafika kanisani? Nikamjibu itafika, tena kwa kucheka.

Basi nikaenda Mbarara, kwa fundi wangu wa mtaa wa Nyamityobora. Akafungua boneti, akasikiliza, akatingisha tairi, akaanza kutaja magonjwa. Shokapu za nyuma zimekwisha. Bushi zimekwisha. Mpira wa maji unavuja kidogo. Na feni ya rejeta imekufa. Shokapu nimeshazizoea, kila shimo la njia hii tunasalimiana. Mpira tuliufunga. Feni iliyotumika ni laki moja na ishirini, na elfu thelathini ya kazi. Mfukoni nilikuwa na laki moja na nusu.

Laki moja na nusu ilikuwa pia bei ya kupiga rangi boneti na bampa ya mbele.

Naona haya kuandika, lakini acha niandike. Nilichagua rangi. Niliwaza picha, niliwaza watu wakisema, eh, Papa Riziki ana gari! Nikajiambia barabara ya Mbarara naenda kila siku bila feni na mshale wa joto hausogei, upepo unapoza. Fundi akanitazama. "Ssebo, bwana wangu, rangi haiwezi poza injini." Nikamwambia apige rangi.

Nilisahau jinsi arusi zetu zinavyotembea. Sisi hatukimbizi bibi arusi. Msafara unaenda mwendo wa miguu, kwaya mbele, bamama pembeni wanacheza, klaksoni, honi ya gari, haikatiki toka nyumbani mpaka kanisani. Ukienda mbio watasema mnamficha. Sasa kwa mwendo huo, upepo utoke wapi?

Mshale ulianza kupanda tulipopita kisima. Niliuona. Nikafungua hita mpaka mwisho ili ipunguze moto wa injini, na maskini Neema nyuma akaanza kutiririka jasho na poda yake yote. Nikaendelea kupiga klaksoni. Kidogo mbele, kwenye kale kamwinuko, mvuke ukatoka chini ya boneti yangu mpya. Nikazima injini. Kwaya ikanyamaza.

Jamani.

Bidoni ya maji, dumu zima, ilikuwepo, lakini rejeta inayochemka haifunguliwi, itakuunguza uso. Kungoja ipoe ni nusu saa, na mchungaji alikuwa na arusi nyingine. Mtu mmoja akasema iitwe boda. Kwetu bibi arusi hakanyagi chini mpaka mlango wa kanisa. Neema akasema kutoka ndani, bila kulia, "Mimi siko nashuka."

Ndipo Mama Neema akavua viatu vyake vya kisigino, akaweka mikono nyuma ya gari, kwenye buti. "Bamama, tusukume!"

Wakasukuma. Wakaanza kuimba tena, vitenge vipya vyote vumbi. Mkono mmoja nilishika usukani, ambao injini ikizimwa unakuwa mzito ajabu, na mwingine nikaweka kwenye klaksoni. Klaksoni ndiyo kitu pekee ambacho hakijawahi kuniharibikia. Niliipiga mpaka kanisani huku machozi yananitoka, na aliyeniuliza nilimwambia ni vumbi.

Hakuna aliyenilaumu. Wote wanasema ni gari, imezeeka, imejitahidi. Mama Neema, na miguu yake imechubuka, alinishika mikono yote miwili mbele ya watu. "Papa Riziki, ulisemaka itafika, na imefika. Aksanti mingi."

Heri angenitukana.

Feni nitanunua Jumatatu, hata kama ni kuuza mbuzi. Lakini si feni inayonikosesha raha. Gari haikuwa na kosa. Niliambiwa, nikajua, nikampandisha mtoto wa watu.

Sasa hivi binti yangu Riziki amekuja dirishani kunionyesha picha kwenye simu. Nimezitazama zote, moja moja. Boneti haimo hata katika moja. Kila mtu alipiga upande wa nyuma: bamama wameinama, mikono kwenye buti yenye rangi kuukuu, na Mama Neema katikati yao, peku.

Kesho, kabla ya ibada, naenda kumwambia Mama Neema kwamba nilichagua rangi.