Wafumaji Waliovunja Mashine

Kamina, Jumanne

Afadhali mume wangu amerudi, ila usingizi hauji.

Jioni nilikuwa nikiandaa somo la kesho, ile riwaya ya Kiingereza ya wafumaji waliovunja mashine zilizowanyang'anya kazi. Nikamsimulia mume wangu. Yeye huendesha treni ya makaa, na leo mkubwa wake amemwachisha kazi kwa ajili ya treni za dizeli: “Citoyen, tunabakia na za mazutu tu. Weye pumzika.”

“Bale bantu, balibafanya nini?” aliniuliza, akitaka kujua wafumaji wale walifanywa nini.

“Balibanyonga,” nilimjibu, maana kitabuni wananyongwa.

Akatoka. Nikamsubiri mlangoni, nikihofu ameenda kuvunja zile za dizeli.

“Nilienda kuona treni yangu,” alisema aliporudi. “Iko baridi, Mama Kabedi. Nikaigusa, njo nikarudi.”

Sasa amelala. Kesho darasani nina watoto wa wenzake wa treni za makaa, na sijui nitaisomaje sura ile ya kunyongwa mbele yao.