Waamuzi Wanaokaa Kitini

Jumapili, mwezi wa saba. Jua kali, vumbi limenijaa mpaka masikioni, na upepo wa ziwani leo umekataa kuja. Miguu inauma. Moyo haujui kama ucheke au unune.

Nimeshinda leo. Niandike hilo kwanza, maana mengine yote ni upuuzi wa karatasi.

Mimi Nkwabi nachonga sanamu za ngoma tangu ndevu hazijaota. Wachongaji wengine wa huku wanachonga twiga wa kuwauzia watalii, twiga wote sura moja kama wametoka tumbo moja. Siku hizi kila kitu ruksa, kila mtu mfanyabiashara, hata asiyejua kushika tezo anajiita msanii. Sanamu zangu mimi zina viungo. Zinakwenda uwanjani na wacheza ngoma, zinafanya kazi.

Sanamu wa mwaka huu ni bibi aliyekaa kwenye kigoda. Ukivuta kamba iliyopita ndani ya mgongo wake, anainuka, anawatazama wapinzani toka juu mpaka chini, halafu anawageuzia makalio. Basi. Nimemchonga mwezi mzima. Hakuna mwingine toka hapa mpaka Magu anayeweza kuugeuza mti hivyo, na anayebisha aje na tezo yake.

Mjukuu wangu Kabula, mwalimu wa shule ya msingi kule Mkolani, alimwona akapiga kelele. Siku ya pili akaleta fomu aliyopewa na mama mmoja wa Kizungu. Mashindano ya sanaa ya kisasa, ya dunia nzima, huko Ulaya. Atakayeshinda anapelekwa kwa ndege pamoja na kazi yake.

Nikauliza waamuzi ni nani. Watu watano. Wanakaa kitini, wanaangalia picha.

Picha!

Sisi Wasukuma tunajua kushindana. Sisi Bagika na wapinzani wetu Bagalu tunacheza uwanja mmoja, saa ileile, kila kundi upande wake. Watazamaji wanasimama wanapotaka. Ngoma ikikuchosha, unavuka unakwenda kwa wenzao. Mwisho wake upande wenye watu ndio umeshinda, na hakuna haja ya kuandika popote. Mwamuzi wetu ana miguu. Hao watano watavukia wapi?

Lakini nisijifiche kwako, daftari. Nilitaka. Nilikwenda kwenye mitumba nikachagua koti la kusafiria, nikalitundika nyuma ya mlango, na kila asubuhi nalitazama.

Alhamisi tulimpeleka bibi studio pale Kirumba, amefungwa kwenye gunia. Mpiga picha akamweka mbele ya pazia lililochorwa ndege, akamsogezea maua ya plastiki. Nikayatupa kule. "Mzee, bila maua picha inapooza," ananiambia mimi! Jana zikatoka picha tatu. Zote tatu bibi kakaa kama mgonjwa anayesubiri daktari. Kugeuka hakupigwi picha.

Halafu fomu inataka maelezo, kazi yako inasema nini kuhusu dunia ya leo. Kabula akaandika kwamba inazungumzia mwanamke wa Afrika katika zama za soko huria. Nikacheka mpaka nikakohoa. Nimemchonga mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alivyonitazama siku niliyokwenda kuposa.

Sharti la mwisho ndilo lililoleta balaa. Kazi iwe haijawahi kuonyeshwa hadharani. Kabula alinisomea mara mbili, kisha nikasoma mwenyewe, herufi moja moja, kwa kisomo changu kile cha watu wazima. Nikamwahidi kwamba bibi atakaa ndani ya gunia mpaka Wazungu wamalize.

Leo nikaenda uwanjani na gunia. Nilijiambia naogopa wezi nyumbani.

Saa tisa Bagalu wakamtoa mchezaji wao juu ya baiskeli, redio ya kaseti imefungwa mgongoni. Redio! Kwenye ngoma! Na watu, bila haya, wakaanza kuvuka kwenda kwao. Manju wetu, Lushinge, anayetuongozea ngoma, akanijia jasho linamtiririka.

"Mzee Nkwabi, tumekwisha. Umebeba nini humo?"

"Mahindi."

"Mahindi gani yana kichwa?"

Nikalivuta gunia karibu.

"Haya, kaa na mahindi yako. Wale wanasema umezeeka, mikono inatetemeka, mwaka huu huna kitu."

Nikafungua gunia.

Bibi akainuka. Akawatazama Bagalu mmoja mmoja, polepole, kama anayechagua dagaa walioharibika. Akageuka.

Kelele zile sijazisikia miaka mingi. Watu walirudi mbio, mama mmoja akaanguka akaendelea kucheka akiwa palepale chini. Mwenye baiskeli akabaki anazunguka peke yake, redio inawaimbia mbuzi. Na katika waliovuka mbio wakipiga vigelegele nilimwona Kabula. Alivuka kama wengine, kacheka mpaka machozi. Kisha akakumbuka. Nikaona uso wake unavyoanguka.

Tulipofika nyumbani akaweka fomu mezani na kalamu juu yake.

"Babu, weka saini tu. Nani wa Ulaya atajua?"

"Niseme hajaonekana? Na watu wote wale?"

"Ni mstari mmoja tu, Babu."

"Huo mstari unasema leo sikushinda."

Nikaichukua kalamu nikaukata mstari wao. Juu yake nikaandika kwa herufi kubwa: AMEONEKANA. AMESHINDA. Kabula akasoma, akaniambia fomu iliyoandikwa hivyo hata kuisoma hawataisoma, itakwenda kwenye takataka. Wiki sita amehangaika na karatasi hizi, ameandika kwa Kiingereza, amefuta, ameandika upya. Hilo nalijua. Sikumwambia pole.

Akaichana. Akatoa nyingine mkobani, safi, haijaandikwa kitu.

"Basi chonga mwingine. Tarehe bado mwezi na nusu. Mfiche, Babu. Hata mimi usinionyeshe."

"Sawa."

"Kweli?"

"Nimesema sawa."

Akafurahi yule mtoto, ungedhani ndege imeshatua uani. Akanisongea ugali, akakaanga sato, akaniaga, "Usiku mwema, Babu," nami nikaitikia macho yakiwa kwenye sahani.

Baada ya wiki nne tunakutana tena uwanjani na Bagalu. Huyo mwingine nimeshajua atafanya nini siku hiyo: atafungua mdomo, atapiga miayo.

Wazungu sikuwadanganya. Nimemdanganya Kabula, na samaki wake nikamla mpaka mfupa.